Ni Koti Tu



Siku mliyofunga ndoa, padre aliwauliza mbele ya mashahidi kama mtapendana katika raha na taabu, katika ugonjwa na afya, nanyi wawili mkaitikia. Lakini kuna swali moja ambalo hamkuulizwa siku ile, nami nataka kuwauliza leo. Mwenzako akikataa kufanya jambo linalopingana na imani yake, na kukataa huko kukawaletea njaa nyumbani au kukawatenga na ukoo, wewe utasimama upande gani?

Nimefundisha wachumba na wanandoa kigangoni kwetu kwa miaka mingi. Tunapohubiri juu ya Wakristo wanaolegeza imani huwa tunamtaja mkubwa wa kazi mwenye tamaa, tunamtaja mganga, tunawataja wanasiasa. Hao wapo. Hata hivyo, mara nyingi si wao wanaomshinda mtu. Anarudi nyumbani jioni akiwa bado amesimama, kisha anaangushwa mezani pake, na mtu anayempenda, kwa maneno matatu tu: "Fikiria watoto hawa."

Mume mmoja alinijia akiwa na shida ya namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kupokea mali katika ghala. Alitakiwa kutia sahihi kwamba magunia 200 yameingia, na yaliyoingia yalikuwa 140. Mara ya kwanza akakataa. Alipomweleza mkewe, mke akamwuliza wale wenzake wanaotia sahihi wanaishi katika nyumba za namna gani. Basi, ikawa imekwisha. Mwezi uliofuata alitia sahihi. Simhukumu mke yule. Karo ilikuwa inadaiwa na mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani. Wala jambo hili si la wake peke yao. Wako waume ambao wake zao walikataa kuiba mtihani au kuongeza hesabu ya chama cha akina mama, nao wakawacheka na kuwaambia wanajifanya watakatifu.

Na mimi ninayeandika haya nimo. Ngoja niwasimulie.

Mwaka 2009 kaka yangu mkubwa alifariki, akaacha mjane na watoto wanne. Sisi ni Wajaluo. Wasomaji wa pande zetu wanajua kinachofuata, na wa pande nyingine nitawaeleza kwa kifupi. Mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, jambo ambalo kwetu twaliita tero. Kabla hajarithiwa, haruhusiwi kuingia ovyo katika nyumba za watu, nyumba yake haikarabatiwi, na msimu wa kupanda ukifika kuna utaratibu wa nani atangulie kutia mbegu shambani, naye hana wa kumwanzishia. Wazee husema kwamba anayevunja hayo atapatwa na chira, yaani atakonda na kuugua, na watoto wake watakufa. Zamani desturi hii ilikuwa na shabaha njema, kwamba mjane na yatima wasikose wa kuwalimia. Lakini mume mwenye ndoa ya Kanisa akirithi, ameingia kwa mwanamke wa pili, na hilo halina mjadala. Na ukimwi ulipokuja, tulizika warithi na warithiwa.

Baba yangu mdogo, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alikuwa mtu mwenye akili. Alijua mimi ni katekista, kwa hiyo hakuja na vitisho. Alikuja jioni, akanywa chai, akasema kwa upole: "Mwanangu, hakuna anayekuambia ulale huko. Leta koti lako litundikwe usiku mmoja katika nyumba ya shemeji yako. Asubuhi utalichukua. Wazee watasema jambo limekwisha, nawe utaendelea na kanisa lako. Ni koti tu."

Nitasema ukweli, niliona amesema neno la busara. Dhambi ya mwili haipo. Shemeji atapata kutengeneza paa lake. Mama yangu, aliyekuwa akilia kila siku, atalala. Nikaingia ndani nikalitoa koti la kijivu, lile lile nililofungia ndoa, maana sikuwa na jingine.

Mama Atieno alikuwa amekaa akichagua maharagwe. Akaniuliza, "Baba Atieno, koti hilo linakwenda kusema nini huko?"

Nikamjibu kwamba halisemi kitu, ni koti tu.

Akasema, "Kama halisemi kitu, mbona wanalitaka?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, bila kupandisha sauti: "Jumamosi una wakatekumeni kumi na mmoja. Watatu ni wajane. Wakisikia koti la mwalimu wao limelala kwa shemeji yake, nani atawaambia kwamba lilikuwa koti tupu?"

Nilikasirika. Nilimwambia yeye ameolewa tu katika ukoo huu, hajui uzito wa mambo yake. Hilo ni neno baya, nami nililisema. Usiku ule tulilala bila kusali pamoja, mara ya kwanza tangu tuoane. Koti lilibaki juu ya kiti, na sikulipeleka. Ningependa kuwaambia kwamba ni kwa nguvu ya imani yangu. Kweli ni kwamba sikuweza kumpita mke wangu mlangoni.

Baadaye, nikitayarisha mafundisho, nilikutana na mzee Eleazari katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya sita. Nilikuwa nimekisoma kisa hicho zamani bila kukielewa. Mzee huyu wa miaka 90 alilazimishwa kula nyama ya nguruwe, kinyume cha sheria ya Mungu wake. Rafiki zake wa siku nyingi walimhurumia. Wakamwita kando wakamshauri alete nyama yake mwenyewe, iliyo halali, aile mbele ya watu kana kwamba ndiyo ile ya mfalme. Hangevunja sheria hata kidogo! Lakini Eleazari alikataa, kwa sababu vijana wangemwona na kudhani kwamba mzee wao, katika umri ule, ameacha dini yake. Akafa kwa mapigo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kumtafuta Mama Atieno shambani. Hakuwa amewahi kukisoma kisa hicho. Yeye na Eleazari walisema jambo moja.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta mashahidi wa imani waliokuwa na wake na waume. Tunaokwenda hija Namugongo tarehe 3 Juni tunawakumbuka sana Karoli Lwanga na vijana wa ikulu, nasi tunasahau kwamba Matia Mulumba, mmoja wa wale 22 waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, alikuwa mtu mzima mwenye ndoa. Lakini ndoa iliyonifundisha zaidi iko mbali na kwetu. Ni ya mkulima mmoja wa Austria, Franz Jägerstätter, na mkewe Franziska.

Franz alizaliwa mwaka 1907 katika kijiji cha St. Radegund. Msidhani alizaliwa akiwa ameshika rozari. Ujanani alikuwa mtu wa vurugu kidogo, akapata mtoto nje ya ndoa. Mwaka 1936, siku ya Alhamisi Kuu, alimwoa Franziska, wakaenda Roma kuhiji. Majirani waliona kwamba mtu huyu amebadilika, na wengi walisema ni kazi ya mke. Walisali pamoja, walisoma Biblia pamoja, wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1938 Hitler aliimeza Austria, na watu wakaitwa kupiga kura ya kukubali. Kijijini kwao Franz peke yake alipiga kura ya kukataa. Vita vilipoanza aliitwa jeshini, akaenda, akapata mafunzo, kisha mwaka 1941 akaruhusiwa kurudi shambani kwake. Huko jeshini alikuwa ameona ya kutosha. Akaamua kwamba akiitwa tena, hatakwenda kupigana katika vita ambavyo dhamiri yake ilimwambia ni vya dhuluma, chini ya utawala unaolitesa Kanisa na kuua wasio na hatia.

Hakuamua kwa pupa. Alisoma, alisali, alihudumu kanisani kama mtunza sakristia. Aliwauliza mapadre. Alikwenda mpaka kwa askofu wa Linz. Wote walimshauri aende jeshini, kwamba yeye ni baba wa watoto wadogo na dhambi ya vita haimhusu raia wa kawaida. Yaani lile neno letu la mezani, "Fikiria watoto hawa," huyu aliambiwa na ndugu, na majirani, na hata watu wa Kanisa lake. Waliomshauri hivyo hawakuwa watu wabaya. Walitaka mtu huyu aishi.

Na Franziska je? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwanzoni na yeye alimsihi. Alimwomba asiuhatarishe uhai wake. Nani asingeomba? Lakini alipoona kwamba kila mtu anamshambulia mumewe, aliacha. Alieleza miaka mingi baadaye kwamba kama yeye asingesimama naye, mumewe asingekuwa na mtu hata mmoja. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Yeye hakuwa ameandika hoja yoyote juu ya vita. Alimjua mume wake. Alijua hafanyi kwa kiburi, wala kwa kutaka sifa, wala kwa kuichoka familia. Kwa hiyo alikataa kuwa mkono wa mwisho wa kumsukuma.

Machi 1943 Franz aliitwa, akatangaza kwamba hatapigana. Alisema yuko tayari kuwahudumia majeruhi, lakini hawakumkubalia. Alifungwa Linz, kisha Berlin, na tarehe 6 Julai akahukumiwa kifo. Mwezi huo huo Franziska alisafiri pamoja na padre wa kijiji mpaka Berlin kumwona. Wakuu walitumaini kwamba akimwona mkewe atalegea. Padre yule alijaribu tena kumgeuza. Franziska hakumgeuza. Walikuwa na muda mfupi tu, na ndio uliokuwa wa mwisho. Tarehe 9 Agosti 1943, huko Brandenburg, Franz alikatwa kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 36. Mkubwa wa mabinti wale watatu alikuwa hajatimiza sita.

Wengi huishia hapo, kwa kuwa shahidi amekwisha kufa. Lakini mjane aliishi. Kijijini watu walimlaumu, wakasema ucha Mungu wake ndio uliomwua mumewe. Mama mkwe naye alimlaumu. Vita vilipokwisha, wajane wa askari walipewa pensheni, yeye akanyimwa mpaka mwaka 1950, kwa kuwa mumewe hakufa akipigana. Alilima, akafuga, akalea mabinti watatu peke yake. Kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwita mke wa shahidi. Kanisa lilimtangaza Franz Mwenye Heri tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, na Franziska alikuwapo, bibi wa miaka 94, na mabinti zake. Alifariki Machi 2013, siku chache baada ya kutimiza miaka 100. Fanyeni hesabu wenyewe: miaka saba ya ndoa, na karibu sabini ya ujane.

Mama mmoja katika semina ya wanandoa aliniuliza: "Katekista, basi mume wangu akiamka kesho aseme dhamiri yake imemkataza kazi, nimpigie makofi?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini ni swali zuri. Kuna ukaidi unaovaa joho la imani. Namjua mwanamume aliyekataa kwenda kumzika mkwe wake kwa sababu mazishi yaliendeshwa na dhehebu jingine, akasema analinda imani. Alikuwa analinda ugomvi wa mahari. Mwingine hataki mkewe aende kliniki. Hayo msiyaite msimamo.

Mimi huwa naangalia gharama inaangukia wapi. Mwenye kiburi husimama imara kwa mfuko wa mwenzake, yeye akibaki salama. Franz alitoa kichwa chake mwenyewe, na kumbukeni kwamba hakuwalaani majirani walioitikia wito wa jeshi. Tena naangalia kama mtu huyo ameomba ushauri, hata wa wale wasiokubaliana naye, na kama amepita katika kitubio. Mtu anayekwepa kusikilizwa na padre, halafu anadai Mungu amemwambia, mshikeni koti.

Na kuna deni ambalo mwenye msimamo analo kwa mwenzake, la kumweleza. Usifike nyumbani ukatangaza, "Nimeacha kazi, ni mambo ya imani." Mke si mtoto wa katekisimu. Semeni mapema, wakati bado kuna unga ndani, ni mambo gani ambayo nyumba yetu haitafanya hata iweje. Wengine hunicheka nikiwaambia waweke akiba kidogo kwa ajili ya siku hiyo, lakini mwenye akiba ya miezi miwili husema "hapana" kwa sauti tofauti na asiye na chochote. Yule mume wa magunia, nilipomhoji zaidi, alikuwa amekwisha kuchukua mkopo kwa mkubwa wake wa kazi miezi mitatu kabla. Alikuwa amefungwa kamba kabla kalamu haijamfikia.

Nanyi mnaoambiana kwamba jambo la maana ni kupatana tu, msome Matendo ya Mitume, sura ya tano. Anania na Safira walipatana vizuri sana. Mume aliificha sehemu ya fedha za shamba, mke akajua, na kila mmoja alipoulizwa kwa wakati wake walitoa jibu moja. Hakuna aliyemsaliti mwenzake. Wangalikuwa na ugomvi nyumbani usiku ule, huenda wangalipona.

Sasa nimalize habari ya koti, maana najua mtauliza.

Kukataa koti hakukuwa kumkataa shemeji. Hilo mke wangu ndiye alilolisimamia kuliko mimi. Msimu wa mvua ulipofika nilimlimia shamba lake mchana kweupe, Mama Atieno na watoto wakitia mbegu pamoja naye. Paa lake lilitengenezwa na Jumuiya Ndogo Ndogo yetu, wanaume sita na akina mama waliopika. Watoto wake wawili walikaa kwetu mpaka walipomaliza shule ya msingi. Yeye mwenyewe alitangulia kusema kwamba hataki koti la mtu, anataka jembe.

Lakini tulilipa. Mwaka uliofuata mtoto wetu wa mwisho aliugua malaria kali, na kabla hatujatoka hospitali kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kusema ni chira. Usiku ule hospitalini niliogopa, wapendwa. Nilijua ni malaria, daktari alikuwa amenionyesha karatasi, lakini hofu haisomi karatasi. Nilimwambia mke wangu pengine koti lingalikuwa jambo dogo. Hakunijibu. Aliendelea kumpangusa mtoto maji. Alfajiri homa ilishuka.

Mama yangu hakula nyumbani kwetu kwa miaka minne. Alikuja kusalimu, akakaa nje, akaondoka. Kisha siku moja ya Pasaka aliingia, akakaa, akauliza kama samaki ameiva. Hatukuuliza kitu. Tulipakua.

Baba mdogo alifariki mwaka 2017 bila kuvuka kizingiti changu tangu jioni ile ya chai. Nilikwenda kumwona mara mbili alipokuwa mgonjwa. Mara ya kwanza alijifanya amelala. Mara ya pili aliniruhusu nimsaidie kukaa kitandani, akaniuliza habari za mvua, basi. Nilichimba kaburi lake pamoja na vijana wa ukoo. Siku ya maziko kulikuwa na baridi, na Mama Atieno akaniletea lile koti la kijivu nikalivaa.